Kupona au kupata nafuu? Maswali kuhusu ubongo, uraibu na ugonjwa wa Alzheimer

Kupona ni jambo moja, kupata nafuu ni jingine. Aliyepona malaria amemaliza dozi na kusahau. Aliyepata nafuu bado ana ugonjwa wake, ila ugonjwa haumwendeshi tena. Ndugu wanapomfikisha hospitali mtu mwenye maradhi ya ubongo, awe mama wa miaka 78 asiyekumbuka kama amekula au kijana wa miaka 26 aliyeuza hadi mlango wa nyumba kwa ajili ya unga, yaani heroini, swali la kwanza huwa lile lile: "Daktari, atapona?" Jibu la haki kwa wote wawili linaanza na neno la pili, nafuu. Ndiyo maana tumewaweka ndani ya makala moja. Wana sababu nyingine pia ya kukaa pamoja, nayo ni pombe, lakini tutaifikia.

Ubongo ukiugua, kinachougua hasa ni nini?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula karibu moja ya tano ya nishati yote tunayotumia. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila seli huzungumza na maelfu ya wenzake kwa njia ya kemikali. Mlaji wa namna hiyo havumilii njaa. Damu ikikatika, seli zinaanza kufa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo chochote kinachoharibu moyo na mishipa ya damu kinaharibu na ubongo.

Kila ugonjwa una mahali pake pa kuanzia. Alzheimer huanzia sehemu za ndani zinazohifadhi kumbukumbu mpya. Huko hujikusanya protini mbili: amiloidi, inayoganda nje ya seli, na tau, inayojisokota ndani ya seli. Ndiyo sababu babu anaweza kukusimulia Uhuru wa 1961 tangu bendera ilipopanda hadi ngoma zilipolala, lakini hajui kama amekunywa chai asubuhi ya leo. Kumbukumbu za zamani zimehifadhiwa kwingine. Unga wenyewe hushika njia tofauti kabisa, ile inayotufanya tutamani chakula, tumpende mtoto, tuamke kwenda kazini.

Bibi anasahau sana. Si uzee tu?

Uzee unapunguza kasi, haufuti. Bibi akisahau jina la mjukuu wa kumi na moja, na akalikumbuka baadaye akiwa anachambua mchele, hana ugonjwa. Lakini bibi aliyepika wali wa nazi kwa miaka 50 akisimama katikati ya jiko, tui mkononi, asijue linalofuata ni lipi, hapo kuna jambo. Vivyo hivyo mzee anayepotea njia ya msikitini aliyoipita kila siku, au muuza duka ambaye chenji imeanza kumshinda, au mama mpole ambaye ghafla anawatuhumu wanawe kumwibia khanga. Dalili hizi huja taratibu, huongezeka mwezi hadi mwezi, na zinaingilia maisha ya kila siku. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha nyumbani.

Hali hii kwa jumla huitwa demensia. Watu huchanganya demensia na Alzheimer, na tofauti yake ni kama ya homa na malaria: homa ni hali, malaria ni mojawapo ya sababu zake. Alzheimer ndiyo sababu kubwa, asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Inafuatiwa na demensia ya mishipa ya damu, ile inayokuja baada ya kiharusi kimoja kikubwa au viharusi vingi vidogo ambavyo hakuna aliyevigundua. Mwaka 2021 dunia ilikadiriwa kuwa na watu milioni 57 wenye demensia. Zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu sisi tuliozoea kudhani huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Ushahidi kwamba si uzee ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Mgonjwa aliyemshangaza daktari Alois Alzheimer mjini Frankfurt mwaka 1901, Auguste Deter, alikuwa na miaka 51 tu. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge na misokoto ile ile tuliyoitaja. Akayaeleza Novemba mwaka huo mbele ya madaktari wenzake huko Tübingen, wala hawakuonyesha kuvutiwa. Jina la ugonjwa lilikuja mwaka 1910, katika kitabu cha mkubwa wake wa kazi, Emil Kraepelin.

Kwani kila anayesahau ana demensia?

Hapana, na hapa ningeomba msomaji asiruke hata mstari, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kupona kabisa, kupona kwa maana yake halisi.

Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo anaweweseka, anaongea na watu wasioonekana, usiku hajui ni usiku, huyo si wa Alzheimer. Alzheimer haiji kwa siku mbili. Mara nyingi huyo ana maambukizi: njia ya mkojo, mapafu, malaria. Au sukari imeshuka kwa sababu amekunywa dawa za kisukari bila kula. Ni dharura, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee aliyeanguka bafuni wiki tatu zilizopita, akainuka na kusema hajaumia, kisha akaanza kusinzia ovyo na kuchanganya mambo, huenda damu imevilia ndani ya fuvu. Mishipa ya wazee hupasuka kwa mtikisiko mdogo tu. Picha ya kichwa inaionyesha damu hiyo, na daktari wa upasuaji anaweza kuitoa.

Tezi ya thairoidi ikilegea, akili nayo hulegea. Upungufu wa vitamini B12 hufanya hivyo hivyo, na wanaotumia metformin kwa miaka mingi wako kwenye hatari hiyo. Kaswende isiyotibiwa hupanda hadi ubongoni baada ya miaka. Virusi vya Ukimwi pia hugusa kumbukumbu. Kuna na dawa tunazojinunulia wenyewe: vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, mzee akivimeza kila siku, vinamvuruga. Halafu kuna sonona. Mjane aliyeacha kula, kuongea na kuoga, akiulizwa kitu anajibu "sijui" bila hata kujaribu, anaweza kuonekana amepoteza kumbukumbu kumbe amepoteza hamu ya kuishi. Sonona inatibika.

Na masikio je? Asiyesikia hawezi kukumbuka ambacho hakukisikia. Nimeona familia zikimlilia mzee kwamba akili imekwenda, kumbe masikio yamejaa nta.

Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema yeye ndiye mchawi.

Katika utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, wapo wanajamii waliouhusisha ugonjwa huu na laana na uchawi, na wengi waliuona ni uzee wa kawaida. Mitazamo hii miwili inaonekana kupingana, lakini matokeo yake ni yale yale: mgonjwa hafiki hospitali.

Mtazamo mwingine, kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye mchawi, unaua. Tanzania inajua vizuri habari za vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi. Sasa mfikirie bibi mwenye demensia: anatoka nje usiku wa manane, anasimama uani kwa jirani bila kujua alifikaje, anaongea peke yake, pengine nguo zimemwanguka. Kila alama ambayo kijiji kimefundishwa kuiogopa anayo. Familia inayojua jina la ugonjwa na kulitangaza mapema kwa balozi wa nyumba kumi na kwa majirani haijitii aibu. Inamkinga mtu wake.

Daktari anapimaje akili ya mtu ambaye hakwenda shule?

Swali zuri, kwani vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa achore saa, aandike sentensi, ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atafeli kabla hajaanza. Watafiti waliofanya kazi Hai, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutajiwa maneno 10 na baadaye huulizwa anayoyakumbuka, hutaja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, huulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani. Kisha hupewa njiti nne za kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Wazo la njiti lilitoka Ibadan, Nigeria. Njiti nne! Kifaa kinachopatikana kila duka la mtaa.

Huko Hai, katika vijiji sita, watafiti waliwapima watu wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri.

Baada ya maswali, daktari hupima presha, sukari, damu, na akiona haja huagiza picha ya kichwa. Anzia hospitali ya wilaya. Ukienda, nenda na mtu anayeishi na mgonjwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe atasema hana tatizo, naye hasemi uongo.

Alzheimer ina dawa?

Ya kuponya, bado. Zipo za kusaidia. Donepezil, rivastigmine, galantamine na memantine zinaweza kumpa mgonjwa nafuu ya kiasi kwa muda, ingawa ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini. Ghali si lazima iwe bora hapa: donepezil ya kawaida isiyo na jina kubwa inafanya kazi ile ile.

Gumzo la miaka ya karibuni ni dawa zinazoondoa amiloidi ubongoni. Lecanemab ilipata kibali kamili Marekani mwaka 2023, na donanemab ikafuata mwaka 2024. Katika jaribio kubwa la lecanemab, lililohusisha watu karibu 1,800 walio katika hatua za mwanzo, waliopewa dawa walididimia polepole zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 27 katika miezi 18. Kudidimia polepole, si kuacha kudidimia. Katika jaribio hilo dawa iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, ubongo wa baadhi ya wagonjwa huvimba au kuvuja damu, hivyo wanahitaji picha za MRI mara kwa mara, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Mtu akikuuzia mtandaoni "dawa mpya ya Alzheimer ya Marekani" kwa shilingi laki moja, umeshajua anachokuuzia.

Na mlonge, mafuta ya nazi, ginkgo? Ginkgo ndiyo iliyojaribiwa sana. Utafiti wa Marekani uliowahusu wazee zaidi ya 3,000, matokeo yake yakatoka 2008, ulikuta haizuii demensia. Mlonge ni mboga nzuri. Ule kwa sababu ni mboga.

Mbona utafiti umechukua miaka mingi hivyo?

Kwanza, ugonjwa huanza miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, kwa hiyo dawa inayotolewa dalili zikishaonekana inakuja moto umeshapita paa. Pili, sayansi nayo ina watu, na watu wana yao. Makala moja iliyonukuliwa sana, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2006 kuhusu aina fulani ya amiloidi, iliondolewa mwaka 2024 baada ya kubainika kwamba picha zake zilikuwa zimechezewa. Haikuangusha nadharia yote, lakini ilipoteza miaka na fedha za watu wengi.

Yapo yanayotia moyo. Mei 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer. Kabla ya hapo ilibidi kuchoma sindano ya uti wa mgongo au kupiga picha ya bei kubwa. Kipimo cha damu kinaweza kusafiri, kinaweza siku moja kufika hospitali ya mkoa.

Habari niipendayo zaidi ni ya Wales. Mwaka 2013 serikali huko ilianza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi, lakini ikaweka mpaka wa umri: aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 anapata, aliyezaliwa siku moja kabla hapati, milele. Bila kukusudia, sheria ya karatasi ikawagawa wazee makundi mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa siku chache za kuzaliwa. Watafiti walipofuatilia kumbukumbu zao kwa miaka saba, waliochanjwa walipata demensia kwa uchache wa karibu asilimia 20. Matokeo yalichapishwa 2025. Kwa nini ikawa hivyo, bado wanachimba.

Afrika nayo ina neno lake. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti waliwafuatilia Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis kwa kutumia vipimo vile vile. Alzheimer mpya ilijitokeza Ibadan kwa kiwango kisichofika hata nusu ya kile cha Indianapolis: asilimia 1.15 kwa mwaka dhidi ya 2.52. Asili inafanana, maisha yametofautiana. Presha, kisukari na mafuta ya damu vilikuwa vichache Ibadan ya wakati ule. Tusijipongeze mapema, maana tangu hapo chipsi na soda zimeshafika kila kituo cha daladala.

Tuje kwa vijana. Kwa nini mraibu asiache tu?

Kwa sababu kinachotakiwa kuamua kuacha ndicho kilichoshikwa. Heroini huamsha dopamini, kemikali ya ile njia ya kutamani, kwa nguvu ambayo hakuna chakula wala mapenzi yanayoweza kuifikia. Ubongo, ukijaribu kusawazisha mambo, unajifunga. Baada ya miezi, mtu havuti ili asikie raha. Anavuta ili asiingie arosto, yale maumivu ya mifupa, kuhara, kutapika, baridi na jasho yanayomkamata saa chache baada ya dozi ya mwisho.

Lakini si kweli pia kwamba teja ni wa kuzikwa. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam walitumia heroini kwa wingi, karibu mmoja kati ya watano akawa mraibu. Serikali ilijiandaa kwa balaa. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia baada ya kurudi nyumbani, katika mwaka wa kwanza ni kama asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu walionaswa tena. Walibadilisha mahali, watu na shughuli. Anayerudishwa kutoka matibabuni moja kwa moja hadi maskani ile ile, kwa washikaji wale wale, bila kazi, hana bahati hiyo. Picha za ubongo nazo zinasema hivyo hivyo: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2001 kwa watu walioacha methamfetamini ulionyesha kwamba baadhi ya sehemu za mfumo wa dopamini zilizokuwa zimedhoofika zilirudi kwa kiasi kikubwa baada ya mwaka na zaidi. Mwaka, si wiki. Familia nyingi hukata tamaa wiki ya tatu.

Methadone si kumtoa kwenye unga na kumtia kwenye unga wa serikali?

Hili ndilo swali linalowaudhi zaidi wauguzi, na linastahili jibu refu.

Heroini hupanda kwa sekunde au dakika na kushuka kwa saa chache. Kwa hiyo mtumiaji anahitaji kete tatu, nne kwa siku, na siku nzima inaishia kwenye kutafuta hela: kukwapua simu, kuuza vyuma chakavu, kuuza mwili. Methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hunywewa, hupanda taratibu, hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Inakalia vile vipokezi ambavyo heroini ingekalia, hivyo arosto haiji, na mtu aliyefikia dozi yake halewi. Anakunywa dirishani mbele ya muuguzi asubuhi, kisha siku ni yake. Anaweza kwenda kufyatua tofali, kuendesha bodaboda ya mtu, kumpeleka mtoto shule. Utegemezi wa mwili bado upo, ndiyo. Uraibu, kwa maana ya maisha yote kuzungukia kete, unaondoka. Mgonjwa wa kisukari naye anategemea insulini, na hatumwiti teja wa insulini.

Njia hii si ngeni. Vincent Dole na Marie Nyswander waliianzisha New York katikati ya miaka ya 1960. Tanzania ilianza Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikafuata Mwananyamala na Temeke, baadaye Zanzibar na mikoa mingine. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Pwani. Nchini Tanzania huduma ni bure. Wanaobaki kwenye methadone hufa kwa uchache mno kuliko wanaobaki mtaani, na hawachangii sindano, jambo linalopunguza Ukimwi na homa ya ini.

Atakunywa kwa muda gani? Chini ya mwaka mmoja ni kama hajaanza. Wengine hunywa miaka mingi, na si kushindwa. Yapo ya kuhadhari: ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kusimamisha pumzi, na dozi ya mtu mzima inamuua mtoto. Haisaidii bangi, mirungi wala kokeini.

Kuhusu nyumba za upataji nafuu, zile ziitwazo soba hausi: zimewasaidia wengi, na jina lenyewe limechaguliwa kwa hekima. Kabla ya kulipa, fika uone. Nyumba inayofunga watu minyororo, inayopiga, au isiyoruhusu ndugu kuingia si ya nafuu. Na ujue hatari hii moja ambayo haitangazwi vya kutosha: aliyekaa miezi bila kutumia, iwe soba hausi au gerezani, mwili wake umesahau uvumilivu. Akiteleza akarudi kwa kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile kinamuua. Mwiteni pembeni, mwambieni hivyo bila kumtukana.

Pombe inahusikaje na kusahau?

Hapa ndipo milango miwili ya makala hii inapokutana. Mwaka 2018 Ufaransa ilitoa uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali zake zote. Kulikuwa na watu wapatao 57,000 waliopata demensia kabla ya miaka 65. Zaidi ya nusu yao visa vyao vilihusiana na unywaji mkubwa wa pombe.

Pombe huua seli, hupandisha presha, humwangusha mtu kichwa chini, na humnyima hamu ya chakula. Mnywa gongo anayeshinda bila kula huishiwa vitamini B1. Ikifika chini sana, macho yanacheza, miguu inayumba hata siku ambayo hajanywa, na kumbukumbu mpya hazishiki, akijaza mapengo kwa hadithi za kubuni huku akiziamini. Ikiwahiwa, sindano za vitamini B1 huokoa. Ikichelewa, hubaki hivyo.

Onyo kwa wanaotaka kumsaidia mlevi wa kila siku kwa kumfungia chumbani: msifanye. Arosto ya heroini inatesa, lakini kwa kawaida haiui yenyewe. Kukatiza pombe ghafla kunaweza kuua. Kuanzia saa sita hadi siku nne baada ya glasi ya mwisho anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo. Mtu wa namna hiyo aachie pombe hospitalini, kwa dawa.

Demensia inazuilika?

Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 na kukadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingezuiwa au kuchelewa. Sitayataja yote. Kwetu ningeweka mbele presha, kisukari, majeraha ya kichwa (abiria wa bodaboda bila helmeti, sikia), pombe, usikivu, mtoto wa jicho, moshi tunaouvuta jikoni na barabarani, upweke, na elimu ya utotoni. La mwisho hushangaza watu. Binti anayebaki shule leo anajengewa akiba ya ubongo atakayoitumia akiwa na miaka 75.

Nafuu ina maana yake nyingine, ile ya bei, nayo inafaa hapa. Vidonge vya presha ni nafuu. Kutoa nta masikioni ni nafuu. Kukaa barazani na wenzako kucheza bao ni bure, na ingawa bao halijathibitishwa kuzuia chochote, upweke umethibitishwa kudhuru.

Nimeshaambiwa mama ana Alzheimer. Nifanye nini nyumbani?

Usibishane naye. Akiuliza mara ya tisa mume wake yuko wapi, na mume alifariki 2009, kumwambia tena kwamba amekufa ni kumfisha upya kila asubuhi. Mwulize alikuwa mtu wa namna gani. Atasimulia, atatulia.

Weka ratiba moja, taa ya chooni usiku, jiko la gesi lizimwe kwenye mtungi. Mshonee mfukoni jina na namba ya simu ya nyumbani. Huko Hai wazee walikusanywa kwenye vikundi vya mazungumzo, michezo na nyimbo, vikao 14, na walionyesha maendeleo ya akili. Msikiti, kanisa au kikoba vinaweza kuandaa kitu cha namna hiyo bila mfadhili.

Jambo la ardhi lisingoje. Mgonjwa akiwa bado anaelewa, asaidiwe kuandika wosia na kusema nani amsimamie, mbele ya mashahidi na mwanasheria. Akishavuka hapo, watatokea watu na karatasi na kidau cha wino, na dole gumba la mzee litawekwa mahali asipopajua.

Na wewe unayemtunza, ambaye aghalabu ni binti au mkwe aliyeacha biashara yake: waite ndugu, wale wanaotuma elfu ishirini na salamu, wapangie siku za kuja kukaa. Wakija, kila mtu wa zaidi ya miaka 40 apimwe presha kabla hajaondoka.